Eropleni Iliyoanguka Salei, 1959

Msafiri atokaye Karatu, akiisha kupita lango la Lodoare na kuupanda msitu hadi ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro, huona kando ya njia piramidi ndogo ya mawe. Wengi hupita wasisimame. Hapo amezikwa Michael Grzimek, rubani wa Kijerumani aliyefariki tarehe 10 Januari, 1959, akiwa na umri wa miaka 24.

Eropleni yake ilikuwa Dornier Do 27, yenye injini moja, nayo ilipakwa milia mfano wa punda milia. Dornier ndio walioziundia majeshi ya Ujerumani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, eropleni za kutua majini. Baada ya vita wakaunda hii ndogo, iwezayo kutua penye nafasi fupi kabisa. Herufi za usajili wake zilikuwa D-ENTE, na Ente kwa Kijerumani ni bata. Lakini bata huyu alikuwa wa nchi kavu. Michael na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, waliondoka nayo Ujerumani mwezi wa Desemba, 1957.

Hawakuja kutembea. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imekusudia kuitenga Ngorongoro na Hifadhi ya Serengeti, wala hapakuwa na aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi na huhamia wapi. Mwezi wa Januari, 1958, wawili hao walihesabu toka angani wanyama 366,980, na katika hao nyumbu walikuwa 99,481. Wakaona pia ya kuwa makundi huvuka mbali nje ya mipaka iliyokusudiwa. Idadi ya nyumbu leo hukadiriwa kupita milioni moja. Walakini jambo lile la mipaka halikutanguka.

Siku ya msiba Michael alikuwa peke yake juu ya mbuga ya Salei. Tumbusi aliligonga bawa, likabonyea, nyaya za usukani zikakwama, eropleni ikaanguka. Filamu yao ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Baba alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa kando ya mwanawe.

Lakini mipaka ile ilikuwa na wenyewe. Mwezi wa Aprili, 1958, wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi mapatano ya kuhama Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikapewa sheria yake, watu na wanyama wakae pamoja. Grzimek mzee hakuupenda mpango huo. Kwake hifadhi haifai kukaliwa na mtu ye yote, hata mwenyeji. Mimi naona kosa lake lilikuwa hapo, ingawa hesabu yake ya wanyama ilikuwa ya haki. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na ubishi juu ya uhamisho huo haujakwisha.