Cheni za Tope Chini ya Mlima wa Theluji

Masika ya Masama, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hayana utani. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mwekundu wa volkano hulewa maji, mifongo, ile mifereji ya mlimani, ikafurika na kumwaga barabarani, na vile vijia vya katikati ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani, vikawa utelezi mtupu. Gari likikosea kidogo linaingia kwenye migomba ya watu, na hapo mazungumzo na mwenye kihamba huwa marefu kuliko safari yenyewe.

Theluji ipo, na asubuhi isiyo na mawingu inaonekana kutoka kila ua. Ila hakuna gari linaloifikia. Hata njia ya magari ya Shira, upande wa magharibi, inayotokea Londorossi, hukomea uwandani kwenye mita 3,500 hivi. Kilele kiko mita 5,895. Kwa hiyo anayetafuta historia ya cheni za matairi kwenye miteremko hii aangalie chini, kwenye tope.

Hata huko zilikozaliwa, cheni hazikuwa za theluji peke yake. Harry D. Weed wa Canastota, jimbo la New York, alipata hataza yake mwaka 1904, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya kuona madereva wakizungushia kamba matairi yao yasiteleze kwenye tope na theluji. Afrika Mashariki ilichukua nusu ya kazi hiyo, ile ya tope. Enzi za ukoloni dereva mwenye akili alisafiri masika na cheni, koleo na kamba nyuma ya gari, na utingo ndiye aliyelala chini kuzifunga.

Kisha ikaja Land Rover. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, na haikuchukua miaka mingi kuwa gari la serikali, la misheni na la daktari huku kwetu. Wazee waliowahi kuendesha zile za zamani wanakumbuka vijiti viwili kando ya gia: cha njano ukikikandamiza chini, magurudumu yote manne yanavuta, chekundu ukikirudisha nyuma, unapata gia nzito ya kupandia. Matairi yalikuwa membamba, 6.00-16 kwa zile fupi za mwanzo na 7.50-16 kwa zile ndefu za inchi 109. Wembamba huo haukuwa umaskini. Tairi jembamba la kashata hupasua tope la juu likatafuta ardhi ngumu chini, wakati tairi pana huelea.

Hapo ndipo fo-wili, yaani magurudumu manne ya kuvuta, ilipozipunguzia cheni kazi. Tena cheni inataka nafasi: uzi mmoja unapita ndani ya tairi, mwingine nje, na vipande vya kukatiza vinalala juu ya kashata. Ukifunga rimu iliyoingia ndani kuliko ile ya kiwandani, au tairi pana la kujionesha mjini, cheni itasugua springi au ikate hosi ya breki. Na kukata hosi ya breki ukiwa unateremka kutoka Masama ni jambo ambalo sitaki hata kulifikiria. Kisha ukitoka kwenye tope na kuingia kwenye mawe au lami, lazima ushuke uzifungue, la sivyo zinakatika na kuchapa madigadi.

Kahawa ilikuwa na huruma. Ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, ulianzishwa mwaka 1933, lakini mavuno makubwa ya mlimani huwa Julai hadi Desemba, kwa hiyo malori ya magunia yalipambana zaidi na vumbi. Mama mwenye uchungu wa kujifungua ndiye asiyechagua mwezi.

Kwa kipimo cha tope la masika, watu walitazama mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na baadaye yakahamia Pasaka, kipindi chenyewe cha mvua. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mshindi alikuwa Peugeot 404, gari dogo la kuvutwa na magurudumu mawili tu, jambo ambalo wapenzi wa Land Rover hawapendi kukumbushwa.

Toyota nayo ina stori yake ya mlima. Mwaka 1951 gari lililokuja kuitwa Land Cruiser lilipandishwa hadi kituo cha sita cha mlima Fuji, Japani. Ilipoenea Tanzania, fundi wa Moshi alikutana na fumbo. Land Cruiser pickup na Land Rover ndefu zote zilivaa 7.50 ya inchi 16, hivyo tairi la hii lilifaa kwa ile. Rimu ndiyo iliyogoma. Land Rover ina nati 5 kwenye duara la milimita 165.1, Land Cruiser ilikuwa na nati 6 kwenye duara la milimita 139.7. Mwaka 1999 Toyota ikahamia nati 5 kwenye pickup hizo, na mtu angedhani sasa mambo yamepata suluhu. Wapi! Duara jipya ni milimita 150. Ukihesabu nati bila kupima, unanunua rimu ya kukalia.

Siku hizi lami imepanda kutoka Kwa Sadala kupitia Masama hadi Machame, na dereva wa kifodi cha abiria hana haja ya cheni wala kijiti cha njano. Tope limebaki kwenye vijia vya kuingilia majumbani, ambako anayefika ni bodaboda. Na kwenye mikoa ya milimani yenye udongo wa aina hii, masika yakichachamaa, vijana wa bodaboda huzungushia tairi la nyuma kamba au kipande cha cheni, wakabana vizuri kwenye spoku, wakapandisha na abiria wao.