Si Tani Peke Yake
Julai 1979, karibu na kisiwa cha Tobago, meli ya mafuta Atlantic Empress iligongana na Aegean Captain. Mabaharia 27 walikufa. Zilimwagika tani 287,000 hivi za mafuta. Hakuna ajali ya meli iliyowahi kumwaga zaidi. Hata hivyo mengi yaliteketea kwa moto au yakabaki bahari kuu, ufukweni yakafika kidogo tu.

Machi 1989, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba katika ghuba moja huko Alaska: zilimwagika tani 37,000 tu. Lakini ghuba ile imezingirwa na nchi kavu na maji yake ni baridi; mafuta yakatambaa kilomita 2,100 za pwani. Walikufa ndege wapatao 250,000 na fisi-maji 2,800 hivi, kwani manyoya yakilowa mafuta hayazuii tena baridi. Miongo baadaye, waliochimba changarawe za fukwe hizo bado walikuta mafuta, mabichi.