Joto Lililozikwa Sakafuni

Kwa mkaazi wa pwani ya Waswahili, sakafu ni mahali pa kupoza mwili. Mchana wa kaskazi mtu hutandika mkeka, akajinyoosha, akapumzika. Korea, nchi ya baridi kali, sakafu ilipewa kazi iliyo kinyume. Kwa karne nyingi Wakorea walipasha nyumba zao joto kwa njia iitwayo ondol: moshi wa moto wa jikoni ulipitishwa chini ya mawe ya sakafu kabla ya kutokea dohani, na watu wakakaa, wakala na wakalala juu ya joto lake.

Joto hilo Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Kimarekani, alilionja mjini Tokyo, katika chumba cha Kikorea nyumbani kwa tajiri mmoja wa Kijapani, zama zile za shughuli zake za Imperial Hotel, iliyofunguliwa mwaka 1923. Hakulisahau. Mwaka 1937, katika nyumba ya familia ya Jacobs huko Madison, Wisconsin, alilaza mabomba ya kupasha joto chini ya sakafu ya zege. Njia ya moshi ikawa njia ya bomba.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wazo hilo liliwafikia watu wa kawaida. Levittown, jimbo la New York, zilijengwa nyumba zaidi ya 17,000 kati ya 1947 na 1951, na maji ya moto yakazunguka ndani ya zege la sakafu zake. California, Joseph Eichler, ambaye aliwahi kupanga nyumba iliyobuniwa na Wright, alijenga nyumba zipatazo 11,000 zenye kuta za vioo na mapaa ya chini. Joto lake halikuwa na kelele wala vumbi. Lilipanda taratibu kutoka nyayoni.

Ndipo vilipozuka Vita vya Korea, 1950 hadi 1953. Shaba nyekundu ikawa adimu, na baadhi ya nyumba za Eichler zikatiwa mabomba ya chuma. Chuma kikala kutu. Hivyo vita vilivyopiganwa katika nchi ya ondol viliacha jeraha katika sakafu za California, zilizorithi wazo la nchi hiyo hiyo.

Shaba nayo haikusalimika daima, kwani zege hupasuka na bomba likapasuka nalo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ulio chini ya zege, nani auone? Mwenye nyumba alishtukia maji yakipungua au unyevu ukichomoza zuliani. Hapo alikuwa na njia mbili kubwa: avunje sakafu alitafute tundu, au ayaache mabomba na kutafuta joto kwingine.

Wengi walikimbilia hewa. Tanuri huipasha moto, feni ikaisukuma katika mifereji ya bati hadi vyumbani. Faida zake si haba. Zege huchukua saa nyingi kupata moto, ilhali hewa hupasha chumba kwa dakika chache. Na wakati wa joto, mifereji ile ile huweza kuleta ubaridi wa kiyoyozi. Lakini nyumba za Eichler hazina dari ya kuficha mifereji, hivyo mara nyingi ilipandishwa juu ya paa, ikavunja ule mstari mnyoofu aliouchora msanifu. Hewa ya moto nayo hupanda juu, miguu ikabaki na baridi. Na feni ina sauti.

Si kwamba wazo la kale lilishindwa. Wakorea wenyewe waliacha moshi, si sakafu: hadi leo maghorofa yao hupashwa joto na maji yapitayo katika mabomba chini ya miguu. Na mabomba ya plastiki ya siku hizi hayajui kutu. Kilichoziponza nyumba za Marekani ni kuzika ndani ya zege kitu ambacho siku moja kitahitaji mkono wa fundi. Katika nyumba nyingi zilizohamia hewa, mabomba ya zamani yangali humo, makavu, chini ya watu wanaokanyaga sakafu baridi.