Kibandaski Haikuwa Kwenye Ramani

Wasee, ukihamia Buruburu swali la kwanza ni hili: nitakula wapi na soo moja? Rahisi. Saa saba mchana fuata watu wa mjengo. Penye wamekaa kwenye benchi, chapo madondo iko hapo.

Lakini mbona kibanda huwa kando ya barabara, nje ya ukuta? Hiyo ni historia.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Mkoloni alimtaka Mwafrika mjini kama mfanyakazi tu. Bibi na watoto wabaki ushago. Sasa nani angempikia? Pumwani, miaka ya 1920, kina mathe ndio walikuwa wanauza chai na chakula.

Buruburu ikajengwa miaka ya 1970, ya watu wa mshahara. Maduka yalipangwa. Lakini soja, yaya na fundi wangekula wapi? Hakuna aliyewachorea, so wakajipangia.

Kitu haiko kwenye ramani ni rahisi kubomoa. Mei 1990, Muoroto, karibu na stendi ya mabasi, iliangushwa na vibanda vyake. Hiyo tabia haijaisha.

Nilipoacha chuo, mathe mmoja wa kibanda alinilisha wiki tatu kwa deni, ameandika tu kwenye daftari. Wiki jana nimepata bati lake limechorwa X nyekundu. Bado ananidai 350. Leo najua pa kumlipa. Wiki ijayo je?