Sura Nyingi za Claude Cahun

Suzanne Malherbe, bibi wa Kifaransa aliyekuwa akiishi katika kisiwa cha Jersey, alifariki mwaka 1972 na vitu vyake vikapigwa mnada. Ndani ya maboksi mlikuwa na picha za mtu mmoja aliyejigeuza kila namna. Kuna aliponyoa upara, kuna alipovaa kibaharia, kuna alipokaa kama Buddha. Katika ile ya mwaka 1927 ambayo leo inajulikana kuliko zote, amejichora mioyo mashavuni na kupakata chuma cha kunyanyulia uzito, na kifuani pa fulana yake pameandikwa kwamba yuko mazoezini, asibusiwe.

Mtu huyo ni Lucy Schwob, aliyezaliwa Nantes mwaka 1894 na kujipa jina la Claude Cahun, jina ambalo halisemi kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Malherbe alikuwa mpenzi wake, na mwaka 1917 akawa pia ndugu yake wa kambo, pale baba wa mmoja alipomwoa mama wa mwingine. Inaelekea mara nyingi ni yeye aliyebonyeza kamera.

Paris iliwapokea katika miaka ya 1920. Cahun aliandika, akaigiza jukwaani, akajuana na wasurialisti wa kundi la André Breton. Picha zake lakini alizifungia ndani. Katika maisha yake, picha za kujipiga karibu zote hazikuchapishwa, na hapo ndipo anapowatatiza wanaotaka kumwita mtangulizi wa wapiga picha wa leo: hawa hujigeuza ili watazamwe.

Mwaka 1937 wawili hao wakahamia Jersey. Wajerumani walipokiteka kisiwa mwaka 1940, ujuzi wa kujivika nafsi nyingine ukapata kazi mpya. Malherbe alijua Kijerumani, basi wakatunga vipeperushi vya kuwavunja moyo askari, wakavitia sahihi ya “askari asiye na jina”, wakavichomeka kwenye mifuko ya makoti na pakiti za sigara. Kwa miaka minne wakubwa wa jeshi walimsaka msaliti miongoni mwa askari wao, kumbe ni akina mama wawili wa makamo! Walikamatwa Julai 1944 na kuhukumiwa kifo. Adhabu ilifutwa, wakatoka gerezani kisiwa kilipokombolewa Mei 1945. Nyumba yao ilikuwa imeporwa na kazi nyingi zimeharibiwa.

Cahun alifariki mwaka 1954, akasahaulika. Aliyemrudisha ni Mfaransa François Leperlier, kwa kitabu cha mwaka 1992. Miaka mitatu baadaye yakafuata maonyesho makubwa jijini Paris. Jersey nayo imehifadhi sehemu kubwa ya picha zilizosalia. Mwaka 2012 msanii Mwingereza Gillian Wearing alijitengenezea barakoa ya uso wa Cahun, akaivaa na kujipiga picha, huku mkononi ameshika barakoa ya uso wake mwenyewe.