Waliokimbia Bila Tumaini la Kushinda: Stori ya Watu wa Kawaida Kwenye Marathon za Majiji Makubwa

Ukitaja marathon ya New York au Boston kwenye kijiwe chochote cha Bongo, maneno yanaenda moja kwa moja kwa Wakenya na Waethiopia. Nani kashinda, kakimbia saa mbili na dakika ngapi, kaondoka na dola ngapi. Haki yao, wamezitolea jasho. Lakini nyuma ya wale wachache wa mbele kuna maelfu ya watu ambao wameamka alfajiri, wamelipa kwa hela zao wenyewe, na wanajua kabisa hawatashinda hata soksi. Makarani, manesi, mafundi bomba, walimu, bibi za watu. Hao ndio wenye stori, na majina yao hayasikiki redioni. Basi na hapa hayatatajwa, watajulikana kwa kazi zao na kwa yaliyowakuta.

Mbio zenyewe zilianza na watu wa namna hiyo hiyo. Boston, tarehe 19 Aprili 1897, walijipanga wanaume 15 tu. Mwanzishaji wa mbio, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa bingwa wa Olimpiki, alichora mstari kwenye vumbi kwa kisigino cha kiatu chake, akapaza sauti waondoke, wakaondoka. Waliomaliza ni 10. Umbali ulikuwa kama kilomita 39, kwa sababu hizi 42 na ushee zilikuwa bado hazijazaliwa.

Zilizaliwa London mwaka 1908 kwenye Olimpiki. Mbio zilianzia kwenye kasri la Windsor zikaishia uwanjani mbele ya jukwaa la Malkia, ikawa kilomita 42 na mita 195, na mwaka 1921 ndio ikafanywa rasmi. Yaani kila mtu anayelia miguu leo kwenye zile mita za mwisho, awalaumu Waingereza na jukwaa lao. Siku hiyo mtu wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Muitaliano mdogo wa umbo, kazi yake ilikuwa kwenye duka la keki. Kaingia kachanganyikiwa, akageuka upande siyo. Akaanguka. Akainuliwa, akaanguka tena, hivyo hivyo mara kadhaa, mpaka waamuzi wakamshika mkono kumvusha kwenye mstari. Mita kama 350 zilimchukua karibu dakika kumi. Wamarekani wakakata rufaa, akanyang'anywa ushindi kwa kuwa alisaidiwa. Kesho yake Malkia akampa kikombe kumfuta machozi. Na mpaka leo watu wanamkumbuka huyo muuza keki kuliko aliyepewa medali.

Sasa tuje kwenye stori yenyewe hasa. Mwaka 1966.

Kulikuwa na dada mmoja wa miaka 23, kakulia jirani na Boston, lakini wakati huo anaishi California. Anapenda kukimbia kama watu wengine wanavyopenda kucheza muziki. Alishawahi kuzunguka Marekani na gari lake na mbwa wake, akilala nje na kukimbia kila sehemu aliyofika. Akaandika barua kuomba fomu ya Boston. Jibu likarudi kwamba mwanamke kimaumbile hana uwezo wa kukimbia umbali ule. Na haikuwa maneno ya mtu mmoja mwenye roho mbaya, ndiyo ilikuwa kanuni ya chama chao cha riadha: mbio ndefu kuliko zote alizoruhusiwa mwanamke hazikufika hata kilomita tatu.

Mwingine angechana barua akalala. Yeye kapanda basi, siku tatu na zaidi kutoka California mpaka kwao. Baba akaona mtoto kapata wazimu. Mama ndiye aliyewasha gari akampeleka mpaka mji wa Hopkinton, mbio zinapoanzia. Dada kavaa kaptula ya kaka yake, ndani nguo ya kuogelea, juu sweta lenye kofia ili uso usionekane. Miguuni raba za wavulana, maana raba za kukimbilia za wanawake madukani hazikuwepo. Akajificha kwenye vichaka karibu na mstari. Mlio ulipolia akasubiri kundi la kwanza lipite, akatoka akajichanganya.

Hofu yake kubwa ilikuwa wanaume watamtoa. Kumbe haikuwa hivyo. Waliokuwa nyuma yake wakamgundua kwa umbo tu, na alipowaambia anaogopa kuvua sweta asije akafukuzwa, wakamwambia barabara ni ya wote na hawatamwacha mtu amtoe. Akavua. Alipopita kwenye chuo cha wanawake cha Wellesley, wasichana walipiga kelele mpaka basi. Alimaliza kwa saa 3 dakika 21 na sekunde 40, malengelenge kila mahali miguuni, na nyuma yake amewaacha zaidi ya nusu ya wanaume waliokuwa na namba na fomu. Gavana wa jimbo alikuwepo mwishoni kumpa mkono.

Hapo ndipo linapokuja jambo linaloumiza kuliko yote. Kulikuwa na desturi ya wakimbiaji kula pamoja mchuzi wa nyama baada ya mbio. Wenzake aliokimbia nao wakamwita twende tukale. Alipofika mlangoni akaambiwa humu ni wanaume tu. Kilomita 42 wamempa, sahani ya mchuzi wakamnyima.

Mwaka uliofuata, 1967, ndio ile picha maarufu. Huyu alikuwa mwanafunzi wa chuo, miaka 20, na kocha wake alikuwa mzee wa miaka 50 anayesambaza barua pale chuoni, ambaye Boston alishaikimbia mara 15. Mzee mwenyewe alikuwa haamini kama mwanamke anaweza. Akamwambia thibitisha kwanza mazoezini. Siku hiyo wakamaliza maili 26, binti akasema tuongeze tano, na mzee ndiye aliyeishiwa nguvu. Baada ya hapo akawa wa kwanza kusema lazima huyu aende. Binti kajaza fomu kwa herufi za mwanzo za majina yake, kama alivyozoea kuandika, kapewa namba 261. Siku ya mbio baridi kali na theluji, kila mtu kajifunika, hakuna aliyestuka.

Kilomita chache mbele, basi la waandishi likampita. Mmoja wa waandaaji wa mbio akamuona, akashuka mbio, akamrukia kwa nyuma, akimkemea atoke kwenye mbio zake na kutaka kuing'oa ile namba. Mzee wa barua akajaribu kuamua akasukumwa. Pembeni alikuwepo mpenzi wa binti, mrusha nyundo, pande la mtu. Jamaa akampiga kikumbo yule mwandaaji, akatupwa pembeni mwa barabara. Wapiga picha wapo, wanabofya tu. Binti aliendelea, akalia kidogo, akamaliza kwa kama saa 4 na dakika 20.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba yule dada wa vichakani naye alikuwepo siku hiyo hiyo. Alikimbia tena bila namba na akatangulia kumaliza kwa karibu saa nzima. Ila yeye hakurukiwa na mtu mbele ya kamera, kwa hiyo dunia ikabaki na picha ya mwenzake. Sio kosa la yeyote kati yao, ndivyo kamera zilivyo.

Chama hakikulainika, kikazidi kukaza kamba. Mpaka mwaka 1972 ndio Boston ikawafungulia wanawake rasmi, wakaanza wanane na wanane wote wakamaliza. Mwaka huo huo New York wakaambiwa haya kimbieni, lakini muanze dakika 10 kabla ya wanaume. Wanawake sita wakasubiri mlio wao ulipolia, wakakaa chini pale pale barabarani kwa dakika 10 nzima, wanaume walipoanza nao wakainuka wakaondoka. Wakaongezewa dakika 10 kwenye muda wao. Walishajua.

New York yenyewe ilikuwa mbio ya mtaani tu. 1970 walijiandikisha watu 127, kiingilio dola moja, wanazunguka bustani ya Central Park. Mwandaaji mmoja alikuwa mhamiaji kutoka Romania anayefanya biashara ya nguo, mkimbiaji wa kawaida kabisa. Waliomaliza ni 55. Aliyeshinda alikuwa askari wa zimamoto ambaye usiku wake alikuwa zamu. Hebu fikiria, leo mtu wa mbele analipiwa ndege na hoteli, mwenzake kashinda akitoka kuzima moto. Zawadi zilikuwa saa za bei rahisi na vikombe vya mchezo mwingine vilivyotumika upya.

Mwaka 1976 wakaitoa bustanini wakaipitisha wilaya zote tano za jiji, walioingia wakapita 2,000. Hapo ndipo marathon ya jiji ikawa sherehe. Muingereza mmoja aliyewahi kuwa bingwa wa Olimpiki akaja kuikimbia 1979, akarudi kwao akaandika gazetini akiuliza kama London nayo ingeweza. 1981 wakafanya, siku ya mvua, wakamaliza watu zaidi ya 6,000, na wawili wa kwanza walivuka mstari wameshikana mikono.

Na sisi tupo kwenye hizo kurasa. New York ya 1989 ilichukuliwa na mwanajeshi wa Kitanzania, yule yule ambaye Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, na mwaka 1988 alizidiwa na Mkenya kwa sekunde moja. Inauma mpaka leo. Ila hao ni wa mbele, turudi nyuma.

Mwaka 1975 jamaa mmoja anayetumia kiti cha magurudumu aliomba kuingia Boston. Mkurugenzi akamjibu kwamba ukimaliza chini ya saa 3 tutakupa cheti kama wengine. Kamaliza kwa saa 2 na dakika 58. Mwaka uliofuata New York akamaliza mtu mwenye mguu wa bandia, zaidi ya saa 7 barabarani. Habari yake ikatoka kwenye jarida, na mwaka 1977 jarida hilo likawekwa mkononi mwa kijana wa Canada aliyelala hospitali, usiku wa kuamkia siku ya kukatwa mguu kwa sababu ya saratani. Mwaka 1980 kijana huyo alianza kukimbia kuvuka Canada, karibu marathon moja kila siku kwa siku 143, akichangisha hela za utafiti wa saratani, mpaka ugonjwa ulipomrudia kifuani. Alifariki 1981, hajafikisha miaka 23. Yule wa mguu wa bandia alikuwa anajikimbilia zake tu.

Wapo na matapeli, tusidanganyane. Boston 1980 dada mmoja alitokea kwenye umati karibu na mwisho, akavuka mstari akavishwa taji. Hana jasho la maana, hajui hata mambo ya mazoezi akiulizwa. Siku nane baadaye taji likaenda kwa Mcanada aliyekimbia kweli. Lakini huyo wa kweli hakupata zile shangwe za mstarini, na hizo huwezi kumrudishia mtu kwa posta.

Kama hujui hali ilivyo, siku ya New York inaanza kwa kungoja masaa kwenye baridi kule Staten Island. Watu wamevaa makoti chakavu ambayo wakiondoka wanayatupa, na yanakusanywa kwa ajili ya wahitaji. Foleni ya choo ndefu kuliko ya benki mwisho wa mwezi. Unaanza na daraja la Verrazzano, upepo na mlima hapo hapo. Brooklyn ni ngoma na kelele, unajiona bingwa, unakimbia haraka kuliko ulivyopanga, na hilo ndilo kosa la kila mgeni. Likija daraja la Queensboro hakuna mtazamaji hata mmoja, unasikia raba tu na watu wanavyohema. Ukishuka upande wa pili, makelele yanakupokea kama umeingia uwanjani. Halafu kwenye kilomita ya 32 hivi, ukiingia Bronx, mwili unamaliza akiba yake ya sukari. Wakimbiaji wanapaita ukutani. Miguu inakuwa ya mtu mwingine. Wanaume wengine fulana ina damu kifuani kwa kusuguliwa na kitambaa, na wala hawajui.

Watu hawa wa katikati ndio walioumizwa Boston mwaka 2013. Mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa mwisho saa inasoma 4 na dakika 9. Mabingwa walishaoga zamani. Muda ule ni wa mabibi, wanafunzi, na familia zilizokuja na mabango kumngoja mama yao. Walikufa watu watatu na zaidi ya 260 wakajeruhiwa. Wakimbiaji zaidi ya 5,000 walisimamishwa njiani, hawajui kama waliokuwa wanawangoja mwishoni ni wazima. Mwaka uliofuata waliitwa warudi wamalize.

Kuhusu yule binti wa namba 261, yeye na yule mzee aliyemrukia walikuja kupatana. Mwaka 2017, miaka 50 tangu siku ile, alirudi Boston na namba ile ile kifuani, akiwa na miaka 70. Alimaliza kwa saa 4 na dakika 44. Namba 261 ikastaafishwa, hapewi mtu mwingine tena.