Urutubishaji wa Mayai Nje ya Mwili na Kipindi cha Kinga Kazini

Kipindi cha kinga, katika sheria ya ajira, ni muda ambao mwajiri hawezi kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ya ujauzito wake, na utata wa istilahi hii uko katika mwanzo wa muda huo, kwa kuwa anayetibiwa ugumba kwa njia ya maabara hupita hatua kadhaa kabla ya yeyote kuweza kusema kwamba ana mimba. Huchomwa sindano za homoni ili ovari zikomaze mayai mengi kwa pamoja, mayai hayo huvunwa na kurutubishwa kwa mbegu za kiume katika maabara, na siku chache baadaye kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kugawanyika, huhamishiwa katika mji wa mimba.

Swali la hatua ipi inafungua kinga lilifikishwa katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kwa shauri namba C-506/06 kutoka Austria. Mlalamikaji, mhudumu wa mezani, alivunwa mayai tarehe 8 Machi 2005 na kupewa mapumziko ya ugonjwa. Tarehe 10 mwajiri akamwarifu kwa simu kwamba ajira yake inakoma. Tarehe 13 akahamishiwa mayai mawili ambayo, simu ile ilipopigwa, yalikuwa yamekwisha kurutubishwa lakini yangali maabara. Katika hukumu ya tarehe 26 Februari 2008 Mahakama ilikataa kumhesabu kuwa mjamzito siku ile, kwa hoja kwamba viinitete vinaweza kugandishwa kwa miaka na kinga ingekosa mpaka. Hata hivyo, na hapa ndipo uzito wa hukumu ulipo, ilisema kwamba kumwachisha mwanamke kazi hasa kwa sababu yuko katika hatua hiyo, ambayo humpata mwanamke peke yake, ni ubaguzi wa moja kwa moja wa kijinsia. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukaachwa wazi. Ufaransa, tangu 2016, imekwenda mbali zaidi kwa kumruhusu mfanyakazi kuhudhuria matibabu haya bila kukatwa mshahara.

Kwa Kiswahili, matibabu yote haya huitwa kwa kawaida "kupandikiza mimba", jina linaloeleweka upesi lakini lisilomfaa mwanasheria, kwa sababu kinachohamishwa ni kiinitete, na mimba hutunga baadaye, au isitunge kabisa. "Utungishaji mimba nje ya mwili" nao una kasoro ileile, na ukiandikwa "nje ya kizazi" huzidi kupotosha, maana mimba kutunga nje ya kizazi ni maradhi ya hatari yanayojulikana kliniki. "Urutubishaji wa mayai nje ya mwili" ni mrefu, lakini hauitaji mimba kabla ya wakati wake; hatua inayofuata iitwe "uhamishaji wa kiinitete".

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza kuachisha kazi kwa sababu zinazohusiana na ujauzito, na pia kwa sababu za kibaguzi; wakili anayeandika "mteja wangu alipandikizwa mimba" amekwisha kuegemea katazo la kwanza, ilhali tarehe zilizo katika faili la hospitali huenda zikamruhusu kutumia la pili tu.